Sharti la Nguvu: Utangulizi kwa Wasomaji wa Katuni za Ajabu

Karibu katika taaluma changa ambayo maktaba yake ni benchi la kinyozi, steji ya matatu na kivuli cha duka la M-Pesa. Taaluma hii inachunguza katuni za mfululizo zenye mambo ya ajabu: hadithi zinazochorwa kwa visanduku, zinazotoka toleo baada ya toleo, ambamo wafu husema, maziwa humeza vijiji na binadamu hubeba nguvu zinazowashinda wenyewe. Inachunguza pia, kwa uzito uleule, kelele za mashabiki wanaobishana juu ya hadithi hizo wakingoja toleo lijalo. Anayesoma kurasa bila kusikiliza mabishano hayo amesoma nusu tu ya kazi.

Utangulizi huu unaanzia Suna, katika kaunti ya Migori, ukitupa jicho upande wa Homa Bay hadi visiwani Rusinga na Mfangano. Unaweza kuuliza kwa nini nisianzie Nairobi, kwenye wachapishaji na wachoraji. Jibu ni kwamba mchoraji huishi penye mhariri wake, lakini katuni huishi penye wasomaji. Na wasomaji wa pembe hii ya Ziwa Viktoria walikuwa na mazoezi marefu ya kujadili mambo ya ajabu kabla gazeti la kwanza lenye katuni halijashushwa kwenye basi.

Nina dai moja, nami nalitoa mapema ili ulipime unavyoendelea kusoma. Msomaji wa hapa akikutana na mhusika mwenye nguvu za ajabu, swali lake la kwanza si kama nguvu hizo zinawezekana. Huuliza sharti lake ni lipi, amepewa na nani, na atalivunja lini. Ukishika swali hilo, mabishano yanayosikika kama fujo yataanza kuonyesha mpangilio wake.

Mahali na lugha zake

Suna ni jina la watu na la mahali. Mji wa Migori umekaa humo, kwenye barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Isebania na mpaka wa Tanzania, na majimbo mawili ya ubunge, Suna Mashariki na Suna Magharibi, yanabeba jina hilo. Wasuna ni tawi la Wasuba, watu wenye asili ya Kibantu ambao kwa vizazi vingi wameoana na kuchanganyika na Wajaluo hadi Dholuo ikawa lugha ya nyumbani. Kisuba chenyewe kimebaki na nguvu zaidi kisiwani Mfangano kuliko bara. Mjini Migori wako pia Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali, na kinachowakutanisha sokoni na stejini ni Kiswahili.

Kwa hiyo safari ya katuni moja hapa hupita lugha kadhaa. Huenda imeandikwa kwa Kiingereza. Anayeishika humsimulia mwenzake kwa Dholuo. Mabishano yakipamba moto na Mkuria akaingilia, wote huhamia Kiswahili, na vijana hukitia Sheng. Kila lugha huja na mzigo wake. Mhusika anayeitwa mchawi kwa Kiswahili amekwisha kuhukumiwa. Kwa Dholuo, msikilizaji atataka kujua kwanza kama ni jabilo, mwenye nguvu zinazotumikia jamii, au ni janawi, mwenye kudhuru. Mjadala unaweza kumalizika kwa mhusika yuleyule kuwa shujaa kwenye benchi moja na adui kwenye benchi la pili. Mtafiti asiyeandika ni lugha gani ilisemwa lini atapoteza jambo hili lote.

Kabla ya gazeti kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala na kusikiliza sigana. Mwanahistoria David William Cohen alimwandika bibi huyu, aitwaye pim, katika makala ya mwaka 1985, akionyesha kwamba elimu ya Wajaluo kuhusu koo, ndoa na ulimwengu ilipita mlangoni mwake. Sigana ilikuwa na mwito na mwitikio. Msimulizi aliomba ruhusa ya kuanza, wasikilizaji wakaitoa, na katikati waliimba, wakauliza, wakapinga. Mtoto aliyekulia humo alijua kwamba kunyamaza wakati wa hadithi ni utovu wa adabu. Asenath Bole Odaga alikusanya hadithi za aina hii katika *Thu Tinda!* mwaka 1980, na jina la kitabu ni ile kauli ya kufungia sigana. Mapema zaidi, mwaka 1938, Paul Mboya wa Karachuonyo alikuwa amechapisha *Luo Kitgi gi Timbegi*, hazina ya mila iliyoandikwa kwa Dholuo. Anayeanza taaluma hii avisome vitabu hivyo kabla ya kufungua katuni yoyote.

Tulikotoka na kurasa

Historia ya katuni za Afrika Mashariki nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri zaidi na wengine. Nchini Kenya, *Juha Kalulu* ya Edward Gitau ilisomwa kwa miongo katika magazeti ya Kiswahili, na watu walifungua ukurasa wake kabla ya habari za siasa. Dar es Salaam walikuwa na Chakubanga katika gazeti la *Uhuru*, kisha jarida la *Sani* likaleta akina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha *Joe* jijini Nairobi, jarida lililochanganya katuni na hadithi fupi. Katika miaka ya 1980 Hirst akatoa mfululizo wa *Pichadithia*, uliochota kwenye ngano na visakale vya Kenya. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ikachapisha *Abunuwasi* ya Gado kwa Kiswahili.

Kwa anayetafuta mambo ya ajabu, jina la kukumbuka ni Frank Odoi. Alizaliwa Ghana mwaka 1948, akahamia Kenya, na kuishi Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya matatu Aprili 2012. *Akokhan* yake ni hadithi ya wahusika wawili wenye nguvu zipitazo za binadamu, Akokhan na Tonkazan, ambao uhasama wao hauishi. Odoi alichota kwenye imani na visasili vya Afrika bila kuwaomba radhi wasomaji na bila kuwaeleza kila kitu. Ilitoka kidogo kidogo gazetini, na hilo lilimlazimu msomaji kubeba swali kichwani kwa siku kadhaa.

Kisha ikaja *Shujaaz* mwaka 2010, ikigawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, imeandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Hamna mazimwi humo. Hata hivyo *Shujaaz* ni ya lazima katika taaluma hii kwa sababu vijana walimwandikia Boyie ujumbe wa simu kana kwamba yupo, wakamweleza matatizo yao na kumdai majibu. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mara mbili, 2012 na 2014. Kwetu sisi, kinachovutia ni zile jumbe.

Mfano wa Nyamgondho

Sasa tulijaribu dai letu kwa hadithi ambayo kila shabiki wa pande hizi anaijua, awe ameisoma katuni au la. Nyamgondho wuod Ombare alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, pwani ya Homa Bay. Siku moja wavu wake ulikuwa mzito, na alipouvuta akakuta ameopoa mwanamke mzee. Mwanamke akamwomba ampeleke nyumbani. Kulipokucha, boma la Nyamgondho lilijaa ng'ombe. Akatajirika, akaoa wake wengine, akazoea pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akamtukana yule mwanamke kwa kumkumbusha alikomtoa. Mwanamke akainuka, akaelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho aliwafuata mpaka ufukweni, akasimama ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Huko Nyandiwa wageni huonyeshwa mahali penyewe.

Chukua karatasi, uigawe visanduku vitatu kwa tukio la lango. Katika cha kwanza, mtu amesimama gizani mbele ya lango. Katika cha pili, mdomo wake uko wazi. Katika cha tatu, unyayo wa mwanamke unakanyaga nje ya boma. Swali la mchoraji ni dogo nalo ni gumu: je, tusi liandikwe ndani ya kiputo? Akiliandika, wasomaji watapima maneno hayo, na wengine watasema hayakuwa mabaya kiasi hicho. Akikiacha kiputo kitupu, au akaruka moja kwa moja kutoka langoni hadi kwenye nyayo za ng'ombe zinazoelekea majini, msomaji atalazimika kulitamka tusi mwenyewe. Naye atalitamka kwa lugha ya nyumbani kwake, kwa maneno aliyowahi kuyasikia, pengine aliyowahi kuyasema.

Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, alieleza kwamba nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku ndipo msomaji anapofanya kazi kubwa zaidi. Alikuwa sahihi, ila katuni ya mfululizo ina nafasi nyingine, pana zaidi, kati ya toleo na toleo. Toleo likiishia langoni, na lijalo litoke baada ya mwezi, mabishano yataziba mwezi mzima. Nimeyaunda yafuatayo kwa mfano, lakini aliyewahi kukaa kwenye benchi la Migori atayatambua:

"Huyo mama hakumkataza pombe. Alimkataza dharau."

"Omera, pombe ndiyo mlango wa dharau. Sharti moja hubeba lingine mgongoni."

"Basi wenye makosa ni hao wake wengine waliofunga lango."

"Lango hufungwa usiku. Ulitaka ng'ombe waliwe na fisi?"

"Ng'ombe wa nani? Si ni wa mama mwenyewe!"

Tazama mjadala ulipofika kwa hatua tano. Umetoka kwenye ulevi, ukapitia sheria ya boma, ukatua kwenye umiliki wa mali iliyoletwa na mke. Hakuna aliyeuliza kama mwanamke anaweza kuishi chini ya maji. Hapo ndipo tunapoachana kwa heshima na Tzvetan Todorov, ambaye katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1970 alisema fasihi ya ajabu huishi katika kusitasita: msomaji hajui kama jambo lina maelezo ya kawaida au la, na akishaamua tu, ajabu inatoweka. Kwa riwaya za Ulaya alizozisoma, nadharia hiyo inafaa sana. Benchini kwetu kusitasita kupo, lakini kumekaa kwingine. Watu wanasita juu ya nani alimkosea nani.

Angalia pia sharti lenyewe lilivyoundwa. Nguvu za Nyamgondho hazikukaa mwilini mwake. Zilikaa katika uhusiano wake na mtu mmoja. Simbi Nyaima, ziwa la volkeno karibu na Kendu Bay, lina kisa cha namna hiyo hiyo: bikizee alifika kijijini wakati wa sherehe, akanyimwa mahali pa kulala, mwanamke mmoja tu akamkaribisha, na usiku mvua ikakizamisha kijiji na watu wake. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kisa hiki ni methali hiyo iliyosimuliwa kwa upande wa waliokataa kupona. Luanda Magere wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, aliangamia baada ya siri ya kivuli chake kumfikia mke aliyetoka kwa maadui. Katika visa vyote vitatu, nguvu zina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa kutazamwa machoni.

Sharti likivuka mipaka

Chombo kizuri hupimwa kwa kazi ambayo hakikuundiwa. Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ilimtambulisha Storm katika *Giant-Size X-Men*, kwa maandishi ya Len Wein na michoro ya Dave Cockrum. Tunamkuta Kenya, akiabudiwa kama mungu wa kike anayeleta mvua, na baadaye tunaambiwa mama yake, N'Daré, alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Wasomaji wengi wa Kenya wamelicheka kabila hilo lisilo na jina wala lugha. Lakini tuache kicheko kidogo, tuulize swali letu. Storm amezaliwa na nguvu zake. Hakuna aliyempa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzidai. Waandishi wa Marvel walilazimika kumtafutia sharti ndani yake mwenyewe: hasira yake huchafua hali ya hewa, na hofu yake ya mahali finyu humlemaza.

Mweke kando ya Mfangano. Huko, katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone, kuna michoro ya kale ya miduara yenye pete na miale, ya rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na wawindaji wa Kitwa walioishi kisiwani kabla ya Wasuba. Wenyeji wameyahusisha maeneo hayo na maombi ya mvua. Sisemi kwamba ni katuni. Nasema kwamba mahali ambapo picha na mvua vilikutana zamani, mvua ni jambo la jamii nzima: kuna mwenye kuiomba, mwenye kumruhusu na mwenye kulalamika isiponyesha kwake. Shabiki aliyetoka huko akimsoma Storm akiita mawingu peke yake juu ya paa, ana haki ya kuuliza mvua hiyo ameitoa shamba la nani.

Swali hilo hufungua hata fasihi isiyo na picha. Hadithi ya Grace Ogot ya Oganda, binti wa chifu Labong'o aliyetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, imo katika mkusanyiko wake wa *Land Without Thunder* wa mwaka 1968. Mwishoni Osinda, mpenzi wake, anamwokoa, wanajificha ndani ya mavazi ya majani wasionwe na mababu, na mvua inanyesha. Wanafunzi wakiisoma darasani huambiwa waandike kuhusu mapenzi na mila. Wakiachwa wenyewe, huishia kwenye fumbo la sharti: kafara haikutimia, basi kwa nini mvua ilikuja? Je, utayari wa Oganda ulitosha? Je, mababu walidanganywa? Au mvua ilikuwa njiani tangu mwanzo na hakuna aliyeihitaji kafara? Kila jibu linatoa hadithi tofauti, na Ogot aliacha milango yote mitatu wazi. Mchoraji atakayeigeuza kuwa katuni atalazimika kuamua lile tone la kwanza linaangukia wapi: ziwani, kijijini, au kwenye mavazi ya majani.

Wasomaji wanaoandika

Kuna katuni ya Vertigo iitwayo *The Unwritten*, ya Mike Carey na Peter Gross, iliyotoka kati ya 2009 na 2015. Mhusika wake, Tom Taylor, ni mtoto wa mwandishi wa riwaya maarufu za mchawi mdogo aitwaye Tommy. Mashabiki wanaanza kuamini kwamba Tom na Tommy ni mtu mmoja, na imani yao inakuwa na nguvu ya kubadili dunia. Ni kazi ya kifasihi kwelikweli, iliyojaa wahusika wa vitabu vingine wanaovuka mipaka, na msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Kyallo Wamitila aliyemwingiza Peter Pan katika *Bina-Adamu!* mwaka 2002.

Mashabiki wa Suna hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa muda mrefu, kwani wanaye Gor Mahia. Gor, mganga wa Kanyamwa katika eneo la Ndhiwa la leo, aliishi hadi enzi ya ukoloni, na husimuliwa kwamba alijigeuza maumbo mengi kuwakwepa maafisa wa serikali: sasa mtoto, sasa mzee, sasa mnyama. Mwaka 1968 klabu ya soka ikapewa jina lake, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Tangu hapo jina la mganga huyo limeimbwa viwanjani na watu ambao hawakuwahi kufika Kanyamwa. Timu ikishinda dakika za mwisho, mganga amerudi; ikipoteza, kuna aliyevunja sharti. Hadithi ya Gor ni mfululizo usio na mchapishaji, na mashabiki ndio wanaoamua toleo lijalo litasema nini.

Taaluma yetu ina watangulizi katika jambo hili. Henry Jenkins, mwaka 1992, aliwaonyesha mashabiki wa televisheni Marekani kama watu wanaochukua hadithi na kuziendeleza kwa mahitaji yao. Karin Barber, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu hadhira barani Afrika, alisisitiza kwamba hadhira haipo tu ikingoja. Hujengwa kwa namna ya kukaa, kusikiliza na kujibu iliyo na historia yake. Soma wote wawili, lakini ukilazimika kumsoma mmoja, anza na Barber. Siwindhe, steji na jukwaa la mashabiki wa soka ni namna tatu za kukaa, na kila moja hutoa wasomaji wa aina yake.

Unavyoanza

Mashauri machache kwa anayeingia leo.

Hesabu macho kabla ya kuhesabu nakala. Nakala moja ya katuni hupita mikononi mwa kinyozi, wateja wake, watoto wa jirani, na huishia kufungia mandazi. Siku hizi huendelea kwa picha ya simu iliyopigwa kwa haraka, kisanduku kimoja kikikatwa pembeni, na kisanduku hicho kilichokatwa huzaa mabishano ambayo mchoraji hakuyapanga. Usiyadharau. Msomaji hubishana juu ya ukurasa alioupata.

Usigeuze mabishano kuwa ushahidi wa imani. Kijana anayetetea sharti la mwanamke wa ziwani kwa saa nzima huenda Jumapili akawa mwimbaji wa kwaya na Jumatatu mwanafunzi wa kemia. Anajadili haki ndani ya hadithi kwa kanuni za hadithi. Watafiti wengi wa zamani waliandika kila ajabu iliyosimuliwa kama kitu kinachoaminiwa na kabila zima, na matokeo yake yanajulikana.

Tafuta wanawake na wasichana. Siwindhe ilikuwa chini ya bibi, lakini benchi la kinyozi ni la wanaume, na ukikaa hapo tu utadhani katuni ni mali yao. Nenda saluni, bweni la shule ya wasichana, soko la samaki wakati mashua hazijafika. Huko utasikia kisa cha Nyamgondho kikisimuliwa kwa upande wa mwanamke: miaka yote aliyokaa kimya, na hesabu ya ng'ombe ambao hakuwahi kuulizwa maoni juu yao.

Hifadhi. Gazeti huisha kwa siku moja, na ujumbe wa simu hufutwa nafasi ikijaa. Omba ruhusa, ficha majina, na kama wasemaji ni watoto omba kwa wazazi na walimu wao. Andika neno kwa neno, hata pale sentensi moja inapoanza Dholuo na kuishia Sheng. Ukimaliza, warudishie waliosema maandishi yako wayasome, maana watayapinga, na upinzani huo ni sehemu ya data.

Tena, watembelee wachoraji na uwaonyeshe ulichokusanya. Migori ina Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ina mashimo ya dhahabu ya Macalder. Homa Bay ina Simbi, Gwassi na visiwa vyake. Mchoraji anayetaka kuanzisha mfululizo hapa hana haja ya kukopa mji wa kubuni. Anachohitaji ni kujua wasomaji wake watamuuliza nini, na hilo unaweza kumwambia wewe.

Kazi yako ya kwanza, basi, iwe ndogo. Chagua mfululizo mmoja, mahali pamoja pa kukaa, na mhusika mmoja mwenye nguvu. Andika sharti lake kwa sentensi moja kama unavyolielewa wewe. Kisha sikiliza matoleo matatu mfululizo yakijadiliwa, uone sharti hilo linavyoandikwa upya na watu ambao hawakushika kalamu. Na ukikuta kundi la mashabiki wa Suna linabishana mchana kutwa kama mwanamke wa ziwani yupo au hayupo, bila kujali ni nani aliyevunja ahadi, lete maandishi yao. Dai langu litakuwa limepata mpinzani, nami nitafurahi kuuandika upya utangulizi huu.